Giaboksi ya Land Rover 109 inanimaliza, spea za bei nafuu nazipata wapi?

Nguzo8: Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, naifufua tangu mwezi wa tatu hapa Morogoro. Bodi imekaa vizuri, chesisi nimechomelea palipooza. Kilichonikwamisha ni giaboksi: ukiingiza namba moja au mbili inasaga kama mashine ya unga. Nimeshakwenda maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, mara mbili. Safari ya kwanza nilinunua seti ya gia za Series III kwa laki nne na nusu, zikagoma kukaa, fundi akarudishia za zamani. Safari ya pili nilitafuta beringi na sili: duka moja bei ya kuuma, jingine wananiambia niagize Uingereza. Mtu wa kipato cha kawaida anapata wapi spea za gari hili? Usiku silali.

SpanaKumiNaTatu: Beringi na sili usinunue kwa jina la gari. Toa beringi ya zamani, ioshe kwa petroli, pembeni mwa ringi utaona namba imechongwa. Namba hiyo ipeleke duka la beringi za mashine. Sili nayo ipime: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Mimi sili ya habu niliipata kwa muuza pampu za maji, robo ya bei niliyotajiwa mwanzo.

MzeeWaMbinga: Umenikumbusha mbali, kijana. Masika ya mwaka 1984 Land Rover ndiyo iliyokuwa ikifika kwetu. Siku moja springi ya nyuma ilikatika tukiwa porini. Dereva akakata gogo la mti, akalifunga kwa mipira ya tairi chakavu, tukafika Songea usiku wa manane na magunia yetu ya kahawa. Siku hizo spea ilikuwa panga.

MamaTausi: Uza. Mume wangu alikuwa na Peugeot 504, miaka minne juu ya matofali, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na kila mwezi inameza ada ya mtoto.

Nguzo8: Shikamoo Mzee. Mama Tausi, kuuza hapana. Na niseme tu, nimeshatoa nusu ya pesa ya injini na giaboksi ya Hilux ya dizeli. Spea zake zipo kila kona, sioni kosa liko wapi.

BintiRufiji: Kaka, ukibadili injini lazima kadi ya gari nayo irekebishwe TRA, mamlaka ya mapato. Kadi ina jina la nani?

Nguzo8: Kadi ipo.

BintiRufiji: Sijauliza kama ipo. Nimeuliza jina.

Nguzo8: Ni ya marehemu baba. Alifariki mwaka juzi, mirathi hatujafungua. Dada zangu wawili wanataka gari liuzwe tugawane. Pesa ninayotengenezea ni ya kodi ya nyumba ya mzee, mimi ndiye ninayeipokea. Sijawaambia. Lakini gari likiozea uani nani atafaidika? Hata kadi yenyewe inaonyesha ni la 1969, linahitaji mtu wa kulihangaikia.

MamaTausi: Unaona? Hiyo siyo spea, hiyo ni haki ya dada zako. Itisha kikao cha familia, mkateue msimamizi wa mirathi mahakamani, ndipo ushike spana.

Kitimtim: Wakuu, tunanyweshwa chai hapa. Series III imeanza kutengenezwa 1971. Hiyo ya 1969 imetoka wapi? Mara giaboksi, mara mirathi, kesho ataomba mchango.

Nguzo8: Sijaomba hata shilingi ya mtu. Kadi ninayo mkononi, imeandikwa 1969. Baba aliinunua mnadani kabla sijazaliwa. Nilipougua malaria nikiwa darasa la pili alinipeleka hospitali na gari hilihili. Siwezi kutunga habari za baba yangu.

SpanaKumiNaTatu: Tulieni. Nguzo8, saa ya mwendo iko mbele ya dereva au katikati ya dashibodi? Shoo ya mbele, ule wavu wa mbele ya rejeta, ni ya plastiki au ya waya?

Nguzo8: Saa iko katikati. Shoo ni ya plastiki na taa kubwa ziko kwenye madigadi. Fundi alisema hapo ndipo Series III inapojulikana.

SpanaKumiNaTatu: Hapo ndipo mlipopotea. Hiyo ni Series IIA za mwishoni. Taa zilihamia kwenye madigadi kabla Series III haijatoka, na shoo ya plastiki kuna mtu aliibandika baadaye. Saa ya katikati ndiyo shahidi wako, ya Series III iko mbele ya dereva. Sasa sikiliza: Series III ina sinkro, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie bila kusaga, kwenye gia zote nne za mbele, IIA inayo kwenye tatu na nne tu. Ndiyo maana zile gia ziligoma. Na kusaga kwenye moja na mbili huenda si ugonjwa. Namba moja iingize gari likiwa limesimama kabisa. Kurudi namba mbili: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, ongeza mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza. Jaribu hivyo kabla hujaishusha. Seti yako kawauzie wenye Series III Arusha, tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 lilionyesha zilivyo nyingi kule.

Kitimtim: Mkuu, nisamehe. Nilikuhukumu haraka.

Nguzo8: Yamekwisha. Spana, umenigusa. Baba alikuwa anakanyaga klachi mara mbili kila akirudisha gia. Mimi nilikuwa nakaa kiti cha katikati, liva ikinigonga goti. Miaka yote nilidhani ni mguu wake uliokuwa unamuuma.

BintiRufiji: Pole, kaka. Na dada zako?

Nguzo8: Nitawapigia. Ngoja kwanza nikachukue ufunguo, nikalijaribu hapa uani.