Amplifaya ya vali imepoteza sauti, na Jumapili tuna harusi

Nyuzi_Sita
Wadau, hamjambo. Naomba msaada wa haraka, maana usiku silali. Nina amplifaya ya gita ya vali (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), wati 40: vali mbili kubwa za 6L6 na tatu ndogo za 12AX7. Zamani nikiweka sauti kwenye 3 ukumbi mzima unasikia. Sasa naifungua mpaka 8 na mpiga ngoma ananiuliza kama nimewasha. Chini yake kuna mngurumo kama wa friji kuukuu. Nimebadilisha waya wa gita, gita lenyewe, hata spika nimejaribu nyingine ya om 8. Hali ni ile ile. Vali zote tano zinawaka rangi ya chungwa. Niko Umoja, Nairobi, na harusi ni Kasarani Jumapili hii. Naona vali zimechoka. Nataka tu mtu anithibitishie.

MamaKwaya
Mwanangu, harusi si vita. Sauti ndogo inawatosha wageni, wazee wapate kuongea. Kwetu kanisani tulizima amplifaya mwaka mzima na watu waliimba vizuri kuliko walivyowahi kuimba.

FundiWaNgara
Vali kuwaka si dalili ya uzima. Kinachowaka ni kile kiwaya cha kupasha moto tu. Vali inaweza kung'aa kama mshumaa na haifanyi kazi yoyote. Tuanze na rahisi. Nyuma kuna matundu mawili ya kuunganisha vifaa vya athari za sauti, la kutolea na la kurudishia? Chukua waya mfupi, uunganishe moja na lingine. Tundu la kurudishia lina kiswichi ndani, na kikiingia kutu sauti inakatikia hapo. Nimeshuhudia watu wakinunua vali mpya bila haja kwa sababu ya hicho kitundu.

MzeeWaRumba
Umenikumbusha mbali. Miaka ya sabini River Road ilikuwa na maduka ya santuri za benga mlango kwa mlango. Tulikuwa na amplifaya moja kwa magita matatu. Vali ikifa, unapanda Luthuli Avenue, unamkuta fundi ana debe zima la vali zilizotolewa kwenye redio. Anazijaribu moja moja mpaka nyumba iitike. Siku hizi Luthuli ni televisheni na simu tu.

Nyuzi_Sita
Kaka Fundi, nimeweka huo waya. Hakuna tofauti. Basi ni vali, si ndiyo? Kusema kweli nimeshaagiza jozi mpya ya 6L6, nimetuma shilingi elfu tisa jana. Zinafika Ijumaa.

FundiWaNgara
Mimi ni dada, lakini si kitu. Elfu tisa umetuma kabla ya kuuliza? Haya. Sauti kushuka sana pamoja na mngurumo kupanda kunanifanya nishuku kitu kimoja. Hizo 6L6 mbili hufanya kazi kwa kupokezana, moja inasukuma na nyingine inavuta, na mngurumo wa umeme hufutana kwenye transfoma ya spika. Moja ikinyamaza, nguvu inashuka sana na mngurumo hauna wa kuufuta. Sasa niambie, ilianzaje? Kuna kilichoungua? Harufu? Fyuzi?

Nyuzi_Sita
Haikuungua kitu. Niliiwasha tu Jumanne jioni nikaikuta hivyo.

FundiWaNgara
Nimeuliza kuhusu fyuzi.

Kijana_wa_Besi
Dada amekaza kamba 😂 Jibu kaka.

Nyuzi_Sita
Sawa. Fyuzi iliungua Jumamosi katikati ya mazoezi. Nikaweka nyingine, ikaungua papo hapo. Ilikuwa saa mbili usiku na maduka yamefungwa, kwa hiyo niliizungushia ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Ikawaka, tukamaliza mazoezi, ingawa vali moja ilikuwa nyekundu sana ubavuni. Msinirukie. Bendi nzima ilikuwa inanisubiri, na amplifaya si yangu, ni ya kiongozi wetu. Yuko Mombasa mpaka Jumamosi. Ningemwambia nini?

FundiWaNgara
Ungemwambia fyuzi imeungua, basi. Sikiliza. Fyuzi ikiungua mara mbili inakwambia kuna mahali umeme unapita kupita kiasi. Ule wekundu ubavuni ni bamba la vali likiokwa. ZIMA, chomoa kwenye ukuta, na usiiwashe tena. Na hizo vali mpya usizipachike. Aliyeua ya kwanza bado yumo ndani, ataiua na ya pili.

Nyuzi_Sita
Lakini zimeshalipiwa. Hata nikizijaribu dakika tano tu nijue?

FundiWaNgara
Dakika tano zinatosha kuziokea elfu tisa zako.

Mpitanjia
Samahani, mimi sinunui hii hadithi. Kwanza amplifaya ilikuwa yako, sasa ni ya kiongozi. Kwanza hakukuwa na fyuzi, sasa imeungua mbili. Na mtu apige amplifaya ya volti mia nne na kitu kwa karatasi ya sigara, transfoma isiungue, nyumba isiungue? Huyu ni muuzaji wa vali, kesho atatuwekea bei hapa.

Kijana_wa_Besi
Kweli, hata mimi nimeanza kushangaa.

MamaKwaya
Mwacheni mtoto. Mwongo hangejitia aibu hivyo.

Nyuzi_Sita
Siuzi kitu. Nimefungua kifuniko cha nyuma, nimepiga picha, iko hapo chini. Angalieni soketi ya kulia. Kuna kirezista (kile kipande kidogo cha kuzuia umeme) kimekuwa cheusi na kimepasuka kama punje ya mahindi iliyochomwa, na bodi chini yake imepata kivuli cha kahawia. Cha kushoto kimebaki safi na mistari yake ya rangi inaonekana.

FundiWaNgara
Mpitanjia, umepata jibu la transfoma. Hicho ni kirezista cha gridi ya skrini, yaani wavu mmoja wa ndani ya vali, mara nyingi huwa om 470. Fyuzi ilipofungwa mdomo, chenyewe kiliungua mahali pake. Bila umeme wa skrini ile vali ikanyamaza, ndiyo maana sauti ikashuka. Transfoma imeokolewa na kitu cha shilingi chache.
Nyuzi, ondoa mikono humo! Kapasita kubwa, zile za kuhifadhi umeme, hubaki na umeme hata ukichomoa waya, na huo unaweza kuua. Niletee kesho Ngara, na hizo vali ziache ndani ya sanduku.

Mpitanjia
Nimeona picha. Nasamehe na naomba samahani.

Nyuzi_Sita (Ijumaa)
Nimetoka kwa dada sasa hivi. Alitoa umeme wote kwenye kapasita kwa rezista, akapima mpaka mita ikasoma karibu sifuri, ndipo akagusa. Kirezista cheusi hakipitishi kabisa. Halafu akaiwasha bila vali kubwa, akapima mguu wa 5 wa kila soketi. Kushoto volti hasi 46, kulia hasi 12. Akanionyesha kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 kabla ya soketi hiyo. Ilikuwa inavuja, inaipunguzia vali ile volti hasi inayoizuia kunywa umeme kupita kiasi. Kwa macho ilikuwa nzima kabisa. Amebadilisha zote mbili, na virezista vyote viwili, na fyuzi ya kipimo sahihi. Vipimo vimekaa sawa pande zote, ndipo tukapachika vali mpya na akazirekebisha. Kwenye 3 kioo cha dirisha lake kilitetemeka.
Nilimpigia kiongozi kutoka pale pale kwa fundi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama transfoma imepona. Gharama yote ni yangu.

MzeeWaRumba
Ile 6L6 ya kushoto ambayo haikuwa nyekundu, usiitupe. Ipeleke kwa dada aipime. Kama ni nzima nitakuja mwenyewe Umoja kuichukua.