Tupeane uzoefu: hadithi mbovu uliyoipenda ukashindwa kuiacha

Mkaa Langoni

Salaam aleikum jamani. Juzi umeme ulikatika baada ya Isha, tukabaki watu sita barazani na kahawa chungu, tende, tochi ya simu, na karatasi alizokuja nazo mpwa wangu kutoka chuoni Nairobi. Hadithi ya Kiingereza: mtu na upanga wake, hekalu, makuhani wabaya, binti wa kuokolewa. Mpwa akasema sharti ni moja. Unasoma kwa sauti kama ilivyoandikwa, makosa yake yote ndani, uso mkavu. Ukicheka tu, karatasi zinahamia kwa mwenzio. Nilijiona mtu mzima, nitafika ukurasa wa pili. Sikumaliza aya ya kwanza.

Inaitwa The Eye of Argon, yaani Jicho la Argon. Aliyeiandika ni Jim Theis, kijana wa St. Louis, Marekani, akiwa na miaka 16. Ilitoka mwaka 1970 katika kijarida cha mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi wa huko kwao, vile vilivyokuwa vikirudufiwa kwa mashine na kugawiwa wanachama. Ilikuwa ifie pale. Lakini nakala ikawafikia waandishi wazoefu, huyu akampa yule, mpaka ikawa mchezo wa usiku kwenye mikutano ya mashabiki: mnakaa duara, mnapokezana, anayecheka anatoka. Kuna aliyeipiga taipu upya yote, akachunga kila kosa lisimponyoke, kwa uangalifu ule wa wanakili wa misahafu wa Siyu. Wengine hawakuamini kwamba ni ya mtoto. Walisema bila shaka ni mabingwa wamejikusanya kutania, maana mtu mmoja hawezi kukosea kote huko peke yake.

Hilo Jicho lenyewe ni kito. Zumaridi nyekundu.

Barazani tuna sonara. Akaweka kikombe chini. "Zumaridi nyekundu? Si yakuti hiyo?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. "Basi kauziwa chupa." Mchezo ukafia hapo, kwa sababu kila aliyeanza kusoma, sonara alimkatiza kuuliza kama mwenye jiwe kesharudi kudai pesa zake.

Haya, nanyi leteni. Si lazima iwe hii. Hadithi yoyote mbovu uliyoishikilia.

Mjukuu wa Fundi, Matondoni

Hii tuliisoma mashuani tukirudi kutoka Mokowe, mwaka juzi. Mimi sikushindwa na kito, nilishindwa na jina. Shujaa anaitwa Grignr. Tafuteni irabu humo: moja tu, imebanwa katikati kama abiria wa siku ya Maulidi. Babu yangu, fundi wa majahazi, hajui Kiingereza, ila alitaka kumtaja huyo mtu. Akajaribu mara tatu. Ya tatu ikatoka "Girigina", na Girigina ndiye aliyebaki.

Sasa tuna punda kwa jina hilo. Hapiti ujia bila kugombana na mtu.

Mwalimu wa Shela

Nimefundisha Kiswahili miaka 18, na hadithi hii sijaisoma ila naijua, maana nimeisahihisha mara nyingi mno. Ni ile insha ya mtoto aliyeambiwa kwamba msamiati ndio alama. Hasemi mtu kalala. Atasema "alijitosa katika bahari ya lepe la usingizi". Mmoja aliniandikia hivi, bado nakumbuka: "Jua lilichomoza kwa ghadhabu ya upole huku ndege wakighani mashairi ya kimya." Mwingine alitimua mbio "kama duma mwenye kiharusi". Wala si uvivu huo. Mvivu anaandika nusu ukurasa anafunga daftari. Huyu amekesha, amefungua kamusi, kila neno zuri alilokutana nalo amelichukua nyumbani bila kuuliza linatumiwaje.

Niseme na langu, maana mmetaka uzoefu. Zamani nilikuwa na desturi ya kuwasomea darasa zima insha za kuchekesha. Jina sitaji, lakini katika darasa la watoto 40 nani asiyejua ni ya nani? Palikuwa na msichana aliyekuwa akiniandikia kurasa nane, tisa, majini na masultani na vita vya angani, makosa chungu nzima. Nikamsoma siku hiyo, wakacheka, naye akacheka nao. Insha yake iliyofuata ilikuwa nusu ukurasa kuhusu kwenda sokoni. Haikuwa na kosa hata moja. Nikampa alama nzuri, na sikupata tena sultani wala jini kutoka kwake mpaka akamaliza shule.

Huyo Theis wenu nimemtafuta baada ya kusoma hapa. Mwaka 1984 alihojiwa redioni huko Marekani. Alisema imemuuma kuona kitu cha ujana wake kingali kinachekwa, na kwamba hataandika hadithi tena.

Baharia Mstaafu

Mwalimu umetuharibia kahawa.

Mtu wa Malindi

Mimi nilifanya ujinga wa kutaka kuitafsiri. Siku tatu nilihangaika. Shida ni kwamba ile hadithi inaishi kwa makosa yake: herufi zimekaa visivyo, kivumishi kimepachikwa kwenye kitu kisichohusika, pua inapewa sifa za dirisha. Ukitafsiri maana peke yake, unaisahihisha bila kutaka, na ikishasahihishwa ni hadithi ya upanga kama nyingine, ya kukulaza usingizi. Nikasema basi makosa ya Kiingereza nayageuze yawe ya kwetu, nivunje ngeli. Nikaandika: "Upanga lake kirefu kilimeremeta kwa giza mwangavu." Nikajiona mshindi.

Nikawasomea vijana wa ufukweni wanaotembeza wageni. Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza kwa upole kabisa: "Hii ameandika Mwitaliano gani?" Kwetu Malindi Kiswahili hicho kinasikika kila siku, tena kinalipia chakula.

Wa Pate

Kuna mahali huyo Girigina anafungwa chini ya ardhi. Anamuua panya, anachukua mfupa wa nyonga wa panya, anausaga mpaka unakuwa silaha, anatoka. Sisi hapa Fumo Liyongo alipofungwa, mamake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, akijua walinzi watakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa makapi. Hiyo ndiyo akili. Watu wameighani karne na karne.

Ila nakiri, tangu nisome hii, usiku nikisikia kitu kikikwaruza darini simuwazi Liyongo.

Baharia Mstaafu

Iliishaje lakini? Nakala niliyotumiwa inakatika shujaa yuko katikati ya vurugu.

Mkaa Langoni

Nakala zote zilizozunguka zilikuwa hivyo, ukurasa wa mwisho ulishadondoka. Watu walicheka zaidi ya miaka 30 bila kujua mwisho. Kijarida kizima kilipatikana mwaka 2005 katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha New Mexico, ndani ya mkusanyo wa mwandishi Jack Williamson. Kito kinageuka dubwana la kunyonya, shujaa analichoma kwa mwenge. Theis alikuwa ameshafariki, mwaka 2002.

Bint Mkomani

Samahanini kaka zangu, nami niseme. Nimewasoma wote, nimecheka na zumaridi, sikatai. Lakini mnamcheka mtoto wa miaka 16, na hapa hakuna aliyeweka lake mezani isipokuwa mwalimu, naye ameweka toba. Nyote mlikuwa na daftari. Mkaa Langoni, wewe hasa. Tulisoma pamoja, na ulikuwa ukiandika nyuma ya kitabu cha hesabu.

Mkaa Langoni

Dada, hilo nilidhani limezikwa.

Haya. Ni kweli. Kidato cha pili, kurasa 60, kalamu nyekundu kila damu ilipomwagika. Shujaa wangu alikuwa na macho ya kijani, na sijawahi kumwona mtu wa macho hayo isipokuwa paka. Nilimwendea mama kulitafuta hilo daftari, nikijua halipo. Mama akafungua sanduku, akalitoa chini ya leso zake. Kumbe alikuwa amelisoma. "Yule farasi arukaye," akaniuliza, "alipona?" Sikujua nijibu nini. Nilikuwa nimemsahau yule farasi.

Ijumaa baada ya Isha nitalisoma barazani, sharti lilelile.

Mkaa Langoni (Jumamosi)

Nilifika mstari wa nne. Aliyecheka kwanza ni mimi, nikanyang'anywa daftari. Mpwa akalichukua, akafika mbali kuliko nilivyotegemea, akaanguka pale jeshi linaposhuka kutoka milima ya theluji nyuma ya Shela. Watu chini kabisa, kahawa imemwagika, jirani amefungua dirisha kutazama kuna nini.

Sonara peke yake hakucheka. Amekaa na kikombe chake, amekunja uso, anataka aelezwe ule mchanga wa Shela uliganda lini.