Tupeane uzoefu: Biskuti za Kichina za kuviringisha, zile kavu zinazovunjikia mdomoni

Bi Iliki ameandika:

Salaam wadau wa mapishi. Kila mwaka mpya wa Kichina ukikaribia, watu hunifuata inbox kuuliza zile biskuti nyembamba zenye umbo la bomba, ambazo ukiuma tu zinavunjika na chembe zinamwagika kifuani. Nimeona bora tufungue uzi mmoja. Aliyewahi kuzipika, au aliyekaa jikoni na mtu anayezijua, aeleze alichokiona.

Kwa wasiozifahamu: ni vitafunio vya kusini mwa China, hasa Guangdong, Hong Kong na Macau. Kichina chake ni dan juan. Zinapangwa kwenye makopo ya bati, watu wanaenda nazo kwa wakwe na wazazi sikukuu ya mwaka mpya, ambayo 2026 iliangukia tarehe 17 Februari.

Vipimo ninavyotumia ni rahisi kukariri: siagi gramu 100, sukari gramu 100, unga wa ngano gramu 100, mayai makubwa 2, chumvi kidogo na ufuta mweusi kijiko kimoja cha chakula. Kwenye zile gramu 100 za unga, natoa 20 na kuweka wanga wa mahindi, maana unga mtupu wa ngano huvutika na biskuti inakuwa ngumu. Siagi laini na sukari napiga pamoja, naongeza yai moja moja, kisha nachekecha unga juu yake na kukoroga mpaka uchanganyike tu. Nafunika, naacha nusu saa.

Lakini nisisitize: wengi wanahangaika na vipimo wakati ukavu unatengenezwa kwenye moto. Biskuti ikiwa bado motoni ni laini kabisa, unaikunja utakavyo, kwa sababu sukari iliyomo imeyeyuka. Ikipoa, sukari inagandamana na biskuti inakauka kau. Hiyo ni iwapo maji yameshatoka yote. Ukiitoa katikati ikiwa bado nyeupe, hata ukiipoza siku nzima haitakauka. Rangi iwe ya kahawia ya dhahabu kutoka ukingoni hadi katikati, moto uwe mdogo, na kuviringisha kufanyike papo hapo, kwa sekunde chache tu. Mimi natumia kijiti cha kulia cha mbao. Ikishaviringika naikandamiza upande wa mshono kidogo mpaka ishike, ndipo nachomoa kijiti.

Karibuni.

Mzigo_GZ:

Asante kwa uzi, dada. Mimi nipo Guangzhou kibiashara. Ghorofa ninayokaa kuna mama mtu mzima, jengo zima tunamwita ayi kwa heshima. Wiki ya mwisho kabla ya mwaka mpya mlango wake huwa wazi na harufu ya siagi na mayai inafika mpaka kwenye lifti.

Anatumia chuma chenye sahani mbili za duara na mikono mirefu, anakigeuza juu ya moto wa gesi. Kilichonivutia ni kwamba haangalii saa wala hafungui kuchungulia. Anasikiliza. Ukibana chuma, ule uji unapiga kelele za mvuke, tsss, na moshi mweupe unatoka pembeni. Kelele zikififia na mvuke ukikatika, anafungua. Anaikuta iko tayari, kila mara. Tangu nilipoiga hilo, sijahitaji kubahatisha.

Sasa jambo kubwa kwa Waislamu wenzangu: za kienyeji huku mara nyingi zilipikwa kwa mafuta ya nguruwe, na wapo wanaoendelea hivyo kwa sababu wanasema ndiyo yanayoleta ulaini wa kuvunjika. Ukinunua za madukani, soma kilichoandikwa au mtu akusomee. Ayi aliponijua mimi ni Mwislamu alitaka kunipikia kwa siagi, kisha mwenyewe akaniambia chuma chake kimeshanywa mafuta yale miaka mingi, ninunue changu kipya, atanifundishia hapo hapo. Nimemheshimu sana kwa hilo. Chuma kipya kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta ya kula, na zile biskuti za mwanzo usizihesabu.

Na kuna msimu huku, karibu na Machi, hewa ya unyevu inapanda kutoka kusini, kuta na sakafu zinatoka jasho. Kipindi hicho kopo likikaa wazi usiku mmoja, biskuti zimekwisha.

Pwani Yetu:

Naongezea kwa wanaopita Macau: kuna aina inayokunjwa bapa, ndani wameweka mwani na nyama kavu iliyochambuliwa nyuzi nyuzi. Nyama hiyo mara nyingi ni ya nguruwe. Ulizeni kabla ya kuonja, maana wauzaji wa kule ni wakarimu, wanakuwekea kipande mkononi ukipita.

Mwanafunzi wa Penang:

Wakuu, Malaysia nako zipo, tena kwa mkono wa nazi! Zinaitwa kuih kapit. Familia za Kichina na za Kiperanakan (wazao wa Wachina waliohamia zamani na kuchanganyika na wenyeji) wanazipika kwa ajili ya mwaka mpya, na mtu wa pwani akiziona atajisikia nyumbani: unga wa mchele, tui zito la nazi, mayai na sukari. Hakuna siagi.

Nilialikwa na familia ya mwanafunzi mwenzangu. Kazi inafanyika nje, nyuma ya nyumba, alfajiri kabla jua halijawa kali. Wameweka bati refu lenye makaa, juu yake vyuma vimepangwa safu, kila kimoja kimechongwa picha ndani: maua, vipepeo, jogoo. Bibi anamwaga uji, anabana, anazungusha kisu ukingoni kukata uliochuruzika, anakigeuza, anasogea kwenye kinachofuata. Akifika mwisho wa safu, cha kwanza kimeiva. Anamtupia mjukuu biskuti ikiwa moto, naye anaikunja mara mbili iwe robo ya duara, anaigandamiza kwa kitako cha kopo la maziwa, tayari. Wengine wanaviringisha, ila nyumba ile ilikuwa ni kukunja tu.

Kukunja kunaonekana kazi ndogo mpaka ukae kwenye kile kiti. Vidole vinaungua kweli, na ukisubiri ipoe kidogo imeshavunjika. Walinipa glavu za pamba, nikaenda nao sawa. Kwa maoni yangu hizi za nazi zinazishinda za siagi kwa harufu na kwa wepesi. Najua Bi Iliki hatakubali.

Bi Iliki:

@Mwanafunzi wa Penang sikubali, lakini nitajaribu, maana tui silikosi. Asante kwa maelezo, nimeliona lile bati mbele ya macho.

Mama Shufaa:

Mimi niko Tanga. Zangu zikitoka jikoni zinalia vizuri, jioni zimelegea kama karatasi iliyolowa. Siagi nimeweka sawa, sukari sawa. Tatizo liko wapi?

Bi Iliki:

Mama Shufaa, pole. Kwa hewa ya Tanga kuna mambo mawili. Kwanza, vunja moja ikishapoa uangalie mzunguko wa ndani kabisa. Huko ndiko mvuke unakobaki ukiviringisha kwa kubana sana au ukiweka uji mwingi. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha kwa duara moja, na inatakiwa nyembamba kiasi kwamba mwanga unapenya. Pili, unaziweka wapi zikipoa? Sahani inashika mvuke chini. Weka kwenye waya, zikishapoa kabisa tu ziingie kwenye kopo. Zikiingia vuguvugu zinatoa jasho humo humo. Zikikaa nje saa mbili tatu zinavuta unyevu, kwa sababu sukari haina urafiki na hewa ya bahari.

Zilizolegea usitupe. Oveni nyuzi 120, dakika kumi hivi, kisha poza tena kwenye waya. Zitalainika zikiwa moto, usiogope, zinakauka zikipoa.

Nyumbani Toronto:

Kwa walioko Ulaya na Amerika, msisumbuke kuagiza chuma kutoka Hong Kong. Mashine ya umeme ya kuchomea pizzelle, zile biskuti za Kiitaliano, inafanya kazi hii vizuri kabisa, michoro tu ndiyo tofauti. Nimejifunza kwa jirani aliyetokea Hong Kong, yeye hana nyingine zaidi ya hiyo. Moto unajipima wenyewe pande zote mbili, hivyo akili yako yote inabaki kwenye kuviringisha. Na sisi majira ya baridi hewa ni kavu mno, biskuti zinakaa wiki nyingi bila kubadilika.

Fundi Tende:

Kikaango cha kawaida kisichoshika je, kinafaa? Chuma huku Mombasa sijakiona.

Bibi wa Old Town:

Kinafaa mwanangu, ndicho ninachotumia. Kipashe moto mdogo kabisa, usipake mafuta, maana siagi iliyomo yatosha. Mimina kijiko, tandaza kwa mgongo wa kijiko kwa kuzungusha kama wafanyavyo chapati za maji, ila nyembamba zaidi. Subiri ukingo ubadilike rangi na uinuke wenyewe, geuza kwa kisu kipana, kandamiza juu kwa kifuniko bapa. Upande wa pili hauchukui muda. Kasoro yake ni kuwa wapika moja moja na mkono hauondoki, kwa hiyo usianze kama una mgeni mlangoni. Pia baina ya biskuti na biskuti, kiondoe kikaango motoni kidogo. Kikizidi moto, uji waganda kabla hujatandaza, na hapo ndipo zatoka nene.

Jiko la Sinza:

Mimi nazipika kwa oda, Idi na Krismasi zaidi. Kwenye kufungasha: makopo ya bati yenye mfuniko wa kubana yanashinda plastiki. Chini naweka karatasi ya kuokea, biskuti nazisimamisha wima zisikandamizane, na ukingo wa mfuniko nauzungushia selotepu. Kipindi cha masika napika asubuhi na kufunga asubuhi hiyo hiyo. Mteja namwambia mapema kwamba kopo likifunguliwa ziliwe ndani ya siku chache.

Mama Shufaa:

Nimepata waya, nazipoza hivi sasa. Ufuta mweusi umeniishia, mweupe unafaa?

Jiko la Sinza:

Unafaa sana. Ukaange kavu kwanza mpaka uanze kuruka, uache upoe ndipo uchanganye, la sivyo utayeyusha siagi na uji utakuwa mwepesi.