Nimeshusha kloki ya chipu lakini betri bado inaisha, shida nini?

bitimoja: Wakuu, nimepunguza kloki (mapigo yanayoiendesha chipu) toka megahezi 50 hadi 25 nikajua betri itadumu mara mbili, wapi! Kazi ileile inachukua muda mara mbili na chaji inaisha karibu vilevile.

Geti_Kavu: Ndo inavyokuwa mkuu. Pawa ya transista (swichi ndogo za chipu) kuwaka na kuzima ni kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) mara volteji mraba mara frikwensi, so ukigusa frikwensi tu, nishati ya kazi nzima inabaki palepale. Utamu uko kwenye volteji: toka volti 1.2 hadi 0.9 unabaki na kama asilimia 56 ya nishati hiyo. Kloki ikiwa slow ndo unapata nafasi ya kushusha volteji.

mzee wa lachi: Nakazia. Pia zima kloki ya rejista (vihifadhi vidogo vya data ndani ya chipu) zisizo na kazi, ila usiikate kwa geti la AND tupu (linalotoa 1 pale tu ingizo zote ni 1), signali ya kuruhusu kloki ikibadilika kloki ikiwa juu inatoka palsi fupi ya uongo na rejista inashika takataka. Tanguliza lachi, kisaketi cha kuishikilia signali hiyo isibadilike kloki ikiwa juu.

bitimoja: Na umeme unaovuja hata transista zikiwa zimezimwa je?

mzee wa lachi: Huo kuzima kloki hakuusaidii, unakata pawa ya bloku yenyewe. Data ya rejista inapotea, ihifadhi kwanza.