Gego limetoboka: ning'oe au nitibu mzizi? Waliopitia njooni mnipe ulinganisho

FundiTaa

Wakuu habari za jioni. Gego langu la chini kushoto limetoboka tangu mwaka juzi, nami nikawa nalichukulia poa. Lilianza kwa kushtuka nikinywa maji baridi, sekunde mbili tatu linatulia. Baadaye likawa halitaki chai ya moto, na maumivu yakija yanakaa. Wiki hii ndiyo kioja: maji baridi yamegeuka dawa. Nalala na chupa ya maji ya friji pembeni ya mto. Kila baada ya dakika kumi napiga funda, nalishikilia upande ule, maumivu yanakata. Yakirudi, funda lingine. Mke wangu kahamia chumba cha watoto.

Leo nimepita kliniki mbili. Ya kwanza daktari kachungulia, kagonga jino kwa kile kichuma, kasema: ng'oa, 40,000, nusu saa uko barabarani. Ya pili wamepiga picha ya eksirei wakasema mizizi mizima, jino linaokoleka. Watatoa kiini, wasafishe njia za mizizi na kuziba kwa 250,000. Halafu kofia ya kulifunika juu 350,000 peke yake. Laki sita, jino moja! Nina miaka 34 na ada za watoto zinakuja.

Waliofanya hiki au kile, nipeni ukweli. Na asije mtu kuniambia karafuu. Nimeshatafuna za kutosha kupikia pilau mtaa mzima.

NgoshaWaKona

Ng'oa mkuu. Mimi nimetoa mawili, la kwanza 2015, la pili 2019, na nyama choma naifuata kama kawaida. Jino likianza kelele linatolewa. Laki sita unanunua mbuzi wangapi?

BintiChumbageni

Ngosha, hebu subiri. Mimi nilikuwa na mawazo kama yako nikiwa na miaka 19. Gego la chini kulia liliuma, nikaenda, likatoka, nikafurahi. Sasa nina 31, njoo uangalie. Gego la juu lililokuwa linakutana nalo limeshuka kufuata pengo, linaonekana refu kuliko wenzake. La nyuma ya pengo limelalia mbele kama nguzo ya uzio iliyooza chini. Katikati yake nyama inanasa kila mlo, hakuna kijiti kinachofika vizuri, na hapo hapo likaanza kutoboka lingine.

Nikaanza kutafuta jino la kujazia. La kuvaa na kuvua ndilo rahisi, lina vishikizo vya waya. Nililivaa mwezi mmoja, sasa linaishi kwenye glasi kabatini. Daraja ni lazima uchonge meno mawili mazima ya jirani ili yabebe la katikati, moyo ulikataa. La kupandikiza, lenye skrubu kwenye mfupa, nilipotajiwa bei nilimshukuru daktari nikachukua mkoba wangu. Kwa hiyo FundiTaa, ile 40,000 ni ya kufungulia mlango tu. Jumlisha na bei ya jino la kujazia pengo ndiyo ulinganishe.

Mchunguliaji

Naweka kambi hapa. Langu la juu nalo limeanza.

TabibuKinywa

Habari wakuu. Nafanya kazi ya meno hospitali ya wilaya, ngoja niweke mambo mawili matatu. Simtibu mtu mtandaoni, aliyeona picha yake ndiye mwenye neno la mwisho.

FundiTaa, hiyo chupa yako ya maji imeeleza mengi. Ndani ya jino kuna kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kimefungiwa ndani ya kuta ngumu. Uozo ukikifikia kinavimba, lakini hakina pa kutanukia. Mwanzoni kinashtuka kwa baridi na kutulia. Hapo ukiwahi, linazibwa tu na kazi imeisha. Maumivu yakianza kukaa, yakakuamsha usiku, na baridi ikawa ndiyo inayoyatuliza, kiini kinakufa. Kuziba kwa kawaida umeshachelewa. Zimebaki hizo njia mbili ulizotajiwa, na kliniki zote mbili hazijakudanganya.

Kutibu mzizi, hiyo ruti kano, si maajabu. Unachomwa ganzi, jino linatengwa kwa kipande cha mpira ili mate yasiingie, linatobolewa juu, kiini kinatolewa. Halafu tunapitisha vijisindano vyembamba vyenye meno kila njia ya mzizi, huku tukiosha kwa dawa ya klorini, ndugu yake ile ya kung'arishia mashuka. Mwisho njia zinajazwa gata-paka, utomvu wa mti fulani wa Asia. Jino la mbele huwa na njia moja, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Gego kama lako huwa na tatu, wakati mwingine nne, na iliyosahaulika ndiyo inayokurudisha kliniki.

Mimi nang'oa bila kusita kama ufa umeshuka chini ya fizi, kama mfupa umeliwa na jino linacheza, kama kuta zimebomoka hadi hakuna pa kushikia kofia, au kama ni jino la akili lililolala kule nyuma. Nje ya hapo namuuliza mgonjwa swali moja kabla ya kutaja bei: utarudi kumalizia? Ninaowaona wakiumia zaidi ni walioanza wakaacha katikati, maumivu yakishaisha.

MahindiYaKuchoma

Daktari kanigusa mimi. Nililipia mizizi, gego la chini kama la kwako. Wakaniambia rudi tuvalishe kofia. Nikajisemea kofia ni urembo, jino haliumi tena, la nini? Miezi minane mbele, niko stendi na hindi la kuchoma. Nikasikia "ta!" kama umekanyaga kijiti kikavu. Ulimi kugusa, jino lina vipande viwili vinachezeana. Picha ikaonyesha limepasuka hadi chini. Likang'olewa. Nimelipa njia zote mbili na pengo ninalo.

TabibuKinywa

Pole sana. Gego lililotolewa kiini limechimbwa katikati, zimebaki kuta nyembamba, na gego ndilo linalobeba nguvu ya kutafuna. Kofia inazikumbatia kuta zisiachane. Meno ya mbele mara nyingi yanaishi bila kofia. Gego usijaribu.

NgoshaWaKona

Sawa, mmenielimisha. Lakini humu mnaongea kama kila mtu ana laki sita. Mwenye 40,000 mkononi na jino linamtoa machozi afanye nini? Asubiri mpaka apate mkopo?

TabibuKinywa

Swali la haki, Ngosha. Kung'oa nako ni tiba, na ni bora mara mia kuliko kuacha usaha ukajijenge kwenye mfupa. Asione aibu. Lakini kabla ya kukata tamaa aulizie hospitali ya mkoa au ya rufaa iliyo karibu, bei zao aghalabu ni tofauti na za kliniki binafsi. Mwenye bima aulize mapema kofia imo au haimo. Halafu kuna njia ya katikati: kutoa kiini leo, kuweka dawa na kizibo cha muda, maumivu yanakatika, unajichanga. Ila kizibo cha muda ni cha wiki, kisije kikageuzwa cha mwaka.

Ukiamua kung'oa: uma pamba nusu saa bila kuchungulia, usisukutue siku ile, usivute sigara, usinyonye kwa mrija. Lile bonge la damu shimoni ndilo linalofunga kidonda. Likitoka, siku ya tatu utaumwa kuliko jino lenyewe. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yaanze kesho yake.

MamaPacha

Mimi nasisitiza kitu kingine: msiende duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, mkadhani mmetibu jino. Mdogo wangu alikula dozi tatu kwa miezi mitatu. Kila akinunua, uvimbe unashuka, anasema amepona. Mara ya nne uvimbe ukatokea chini ya kidevu, shingo ikawa ngumu kama ubao, ulimi ukainuka, mate yakawa yanamtoka kwa sababu hamezi. Alilazwa, shingo ikapasuliwa kutoa usaha. Yote hiyo ni gego moja.

TabibuKinywa

Mama Pacha, hilo ningelipigilia ukutani. Kiini kilichokufa hakipitiwi na damu, kwa hiyo dawa uliyomeza haifiki ndani ya jino. Inatuliza jirani tu. Na mtu akishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hiyo ni dharura, aende usiku huo huo.

WaNjoro

Salamu kutoka Nakuru. Mimi meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni, maji ya huku yana madini ya floridi nyingi. Niliposoma kwamba floridi ndiyo ilinifanyia hivi, nikaacha kabisa dawa ya meno yenye floridi. Sasa nimetoboka mawili. Nilikosea?

TabibuKinywa

Ulikosea, lakini kosa lako linaeleweka. Hao watu wa Bonde la Ufa, pamoja na wenzetu wa Arusha na Meru, maji yao yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko vinapita hapo. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengeka ndani ya taya, ndipo rangi inapoingia. Ukubwani meno yameshajengeka, hayabadiliki tena kwa dawa ya meno. Ile ya kwenye dawa unaipaka juu ya jino na kutema, nayo inaliimarisha lisiliwe na asidi. Tumia yenye 1,000 hadi 1,500 ppm, ndicho kipimo cha floridi, angalia nyuma ya boksi. Mtoto chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Wa mitatu hadi sita, punje ya njegere, na afundishwe kutema. Kuchemsha maji hakuondoi floridi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Na magadi ya kulainishia maharage nayo mara nyingi yanayo.

WaMkoani

Nyie watu wa bara mnaitukana karafuu sisi tukiwa kimya. Huku Pemba bibi yangu alikuwa akitia tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba, anaibandika kwenye tundu, mtu analala. Na mswaki wa mti ameutumia hadi anafariki, kinywani hakuna pengo.

TabibuKinywa

Bibi alikuwa sawa, WaMkoani. Ndani ya karafuu kuna yujinoli, na sisi tunaichanganya na unga wa zinki kutengeneza kizibo cha muda. Ile harufu ya kliniki ya meno ni karafuu zenu. Inatuliza, haizibi tundu. Iguse jino tu, kwenye fizi inaunguza. Aspirini ndiyo msiibandike kabisa, nimeona fizi zimebabuka zikawa nyeupe.

Mswaki wa mti ukiutafuna ukawa nyuzi laini na kukata ncha kila siku, unasafisha vizuri. Kinachokosekana ni floridi, na kuna kona za ndani haufiki. Mkaa na majivu achaneni navyo, vinang'arisha kwa kukwangua gamba la jino, na gamba halioti tena.

BintiChumbageni

Daktari, na watoto? Wangu ana miaka saba, gego la nyuma lina tundu. Shangazi yake anasema ni la utoto, litatoka lenyewe.

TabibuKinywa

Da, mpeleke kesho. Gego la kwanza la ukubwani linaota kwenye miaka sita, nyuma ya yale ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hawajui limefika. Likitolewa halirudi. Nikiona gego la mtu mzima limekufa, aghalabu ndilo hilo hilo, na la FundiTaa naamini ni hilo.

FundiTaa

MREJESHO wakuu.

Nimechagua kuokoa. Kilichonisukuma si daktari, ni Binti na lile jino lake la kwenye glasi. Nilikwenda ile kliniki ya pili. Ganzi ya kwanza haikushika, jino lilipoguswa niliruka kwenye kiti. Akaniambia jino lililochemka huwa linaikataa ganzi, akaongeza sindano ya pili kule nyuma ya taya, mdomo ukawa mzito kama wa kuazima. Baada ya hapo sikusikia kitu, ila harufu. Alipofungua, ilitoka harufu ya yai lililosahaulika, hata yeye mwenyewe akaangalia pembeni.

Vile vijisindano vina vichwa vya rangi, njano, nyekundu, bluu, vimepangwa kwenye sponji kama bisibisi zangu za kazini. Alipata njia tatu, akatafuta ya nne kama dakika kumi kwa kimulimuli, akaipata. Nikamheshimu hapo. Kaweka kizibo cha muda, narudi wiki ijayo. Ya mizizi nimelipa nusu, ya kofia nimefungua kibubu.

Aliniuliza kazini nakunywa nini. Nikasema soda, moja tu kwa siku. Unaimaliza kwa muda gani? Nikamwambia naweka juu ya ngazi, nanywa kidogo kidogo mpaka saa nane. Akacheka. Kumbe kila funda jino linaogeshwa asidi upya, bora ningeinywa yote na chakula. Na nilikuwa napiga mswaki asubuhi kabla ya chai, usiku nalala bila kupiga. Sasa usiku ni lazima, natema povu bila kusukutua.

Jana ndiyo siku ya kwanza nimelala. Asubuhi nimeikuta chupa imejaa vile vile. Mke bado hajarudi chumbani, anasema afadhali nilipokuwa naumwa, sasa nakoroma.