Wametuuzia rundo la mafaili wakaliita mkusanyiko wa saitransi ya giza

Wakuu, salaam.

Najua jukwaa hili la muziki wengi wetu ni watu wa Bongo Fleva, singeli na zilipendwa. Ila najua pia humu mpo watu wa usiku, wale wa saitransi (psytrance, ule muziki wa kielektroniki wa kukesha), tena wa upande wa giza kabisa. Uzi huu ni wenu. Wengine karibuni, lakini msianze na "hizo ni kelele tu". Mtu anayeruka singeli ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika hana ubavu wa kuniambia muziki wa 150 unakimbia mno.

Wakuu, nimepigwa. Nimenunua albamu ya mkusanyiko, nyimbo 14 za wasanii 14, kwenye duka la mtandaoni la lebo (kampuni ya kutoa muziki) moja ya Ulaya. Jina la lebo silitaji, mods wasije wakaupeleka uzi kapuni. Euro 12, kwa hela yetu elfu thelathini na kitu, hapo benki haijakata chake. Tangazo lilikuwa linameremeta: nyimbo mpya ambazo hazijawahi kutoka popote, mafaili ya FLAC (yanayobanwa bila kupoteza sauti) yenye ubora wa CD, na eti "safari ya usiku mzima". Katika hayo hakuna hata moja la kweli.

Niruhusuni nielezee kidogo kwa wageni, maana bila hivyo mtadhani nalia kwa sababu ya hela tu.

Huu muziki ulitoka Goa, India, kwenye ngoma za ufukweni Anjuna. Madijei wa kule walipiga kwa kanda za DAT (vikanda vidogo vya dijitali), maana santuri na joto la pwani haviivi chungu kimoja. Sasa deki ya DAT haikuwa na ile swichi ya kuongeza au kupunguza mwendo, kwa hiyo huwezi kuzilazimisha nyimbo mbili zilingane mapigo. Ndiyo sababu nyimbo zile zinaanza na sauti zinazoelea tu, bila ngoma, na zinaishia hivyo hivyo. Hapo ndipo dijei anaunganisha. Marehemu Goa Gil, dijei Mmarekani wa California aliyefariki 2023, alikuwa anapiga hadi saa 24 mfululizo kwa kanda hizo, na alizipanga kwa akili: usiku wa manane anakuzamisha gizani, alfajiri anakutoa taratibu. Mpangilio ulikuwa nusu ya kazi yenyewe.

Mwaka 1998 Mjerumani anayejiita Xenomorph akatoa Cassandra's Nightmare. Zile melodi tamu za Goa zikawekwa pembeni, ukabaki woga. Miaka ya 2000 Warusi wakina Kindzadza na Parasense wakaukamata mwelekeo huo wakauongezea mwendo na vurugu, na lebo kama Parvati ya Denmark zikaubeba duniani. Kwa sisi tulio mbali, mikusanyiko ndiyo ilikuwa shule. Unanunua CD moja unakutana na majina tisa ambayo hujawahi kuyasikia, kisha unaanza kumfuatilia mmoja mmoja. CD inabeba dakika 74 mpaka 80. Wimbo mmoja dakika nane, tisa. Ukiweka tisa hapo imejaa. Mkusanyaji alikuwa halali: huu uingie, huu utoke, huu ufungue, huu ufunge. Ufinyu ule ulimlazimisha achague.

Leo faili halina ukomo, kwa hiyo wamejaza dakika mia moja na ushee. Sawa, ningewasamehe kama kungekuwa na mtu aliyekaa akasikiliza. Wimbo wa kwanza mapigo 150. Wa pili 190. Wa tatu unarudi 148, wa nne umefika 200. Nikajiuliza, hii ni mbinu gani mpya? Labda jamaa anataka kutuvuruga makusudi? Nikayatazama yale majina tena, kwa utulivu.

Zimepangwa kwa alfabeti! Kwa alfabeti ya majina ya wasanii, A mpaka Z!

Yaani hakuna binadamu aliyepanga. Wameweka mafaili kwenye folda, kompyuta ikayapanga yenyewe, wakabandika namba na picha ya fuvu, wakapandisha dukani. Halafu unaniambia safari ya usiku mzima. Safari gani ambayo dereva hayumo?

Ukishajua hilo, mengine yote yanaeleweka. Wimbo wa tano na wa sita vina kilio kile kile cha mwanamke, kutoka kwenye furushi lile lile la sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari), neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Zimefuatana! Mtu aliyesikiliza hata mara moja angeshtuka. Wimbo wa tisa umekatwa mwishoni wakati mwangwi bado unazunguka, kama sekunde mbili tu zilikuwa zimebaki uishe kwa heshima yake. Na hizo "ambazo hazijawahi kutoka popote", mbili ninazo siku nyingi. Zilitolewa bure na wasanii wenyewe enzi zile tunapakua mizigo kutoka Ektoplazm. Kwa wasioijua, Ektoplazm ni tovuti ya Kanada iliyokuwa inagawa saitransi bure kwa idhini ya wasanii, na ilikuwa inakupa FLAC ya kweli. Bure. Hawa wamechukua hela wakanipa nini? Sasa tufike hapo.

Masikio yalianza kunisuta mapema. Matoazi yanatetemeka na kumezeka, zile sauti za juu zinazotambaa kama hazipo. Nikafungua mafaili kwenye Spek, ile programu ya bure inayokuchorea masafa ya wimbo mzima. Sauti ya CD inakwenda mpaka kHz 22 hivi (namba ikipanda, sauti ni nyembamba zaidi). Ukibana wimbo kuwa MP3 ya kbps 128, ile ya ubora wa chini, mashine inatupa karibu kila kitu kilicho juu ya kHz 16. Kwenye picha unaona kabisa: rangi inapanda, inapanda, ikifika 16 inakatwa kama kwa rula, juu yake weusi mtupu. Nyimbo sita kati ya 14 ziko hivyo. Sita! Ukiigeuza MP3 kuwa FLAC faili linanenepa tu, kilichotupwa hakirudi. Ni uchakachuaji, sina neno jingine.

Najua atatokea mtaalamu aseme huenda msanii mwenyewe hakuweka sauti za juu. Mmoja, nakubali. Wasanii sita wa nchi tofauti, studio tofauti, wote waishie kwenye mstari ule ule? Acheni masihara.

Nikawaandikia kwa adabu zote. Wakanijibu mstari mmoja: muziki huu kwa asili yake ni mchafu, pengine tatizo ni spika zako.

Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli. Jamani, uchafu wa saitransi ya giza unatengenezwa kwa mikono safi kuliko muziki wowote ninaoujua. Pigeni hesabu. Mapigo 150 kwa dakika maana yake kiki, lile pigo la chini, linarudi kila milisekunde 400. Katikati ya kiki mbili besi inapiga mara tatu, kila noti na nafasi yake ya milisekunde 100. Mkia wa kiki ukirefuka kidogo tu, noti ya kwanza ya besi imemezwa na ule mwendo wa kuviringika umekufa. Kwenye mapigo 200 nafasi hiyo inabaki milisekunde 75. Watu wanakesha usiku kucha kuunyoa mkia wa kiki moja! Wanachukua sauti ya sinthesaiza wanaipinda, wanaipindua, mpaka huelewi kama ni mdudu, mlango au mtu anasema nyuma ya ukuta. Huo ndio uchafu tunaoutaka, ambao kuna mtu ameukusudia. Uchafu wa MP3 hakuna aliyeukusudia.

Na hiyo mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kuandaa sauti, ndiyo usiseme. Wamezisukuma zote mpaka wimbi limegonga dari, nimepima wastani nikapata -5 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti, ikikaribia sifuri ndivyo inavyozidi kelele). Kiki na besi zimekuwa uji. Wanafanya hivyo ili isikike kubwa kuliko za wenzao, na wala haiwasaidii: Spotify kwa kawaida inazishusha zote kwenye -14 hivi, kwa hiyo mwisho wa siku sauti ni ile ile, ila wimbo umeshapondwa.

Kuhusu giza lenyewe. Nyimbo kama nane humu zinadhani giza ni kupachika vilio na vicheko vya filamu za kutisha kila baada ya baa 16. Hiyo inamtisha mtoto mara moja, mara ya pili anacheka. Giza linatakiwa litoke kwenye sauti zenyewe: kitu ulichokizoea kinaanza kubadilika polepole, hujui kilianza saa ngapi, na ngoma haisimami ili upate nafasi ya kufikiri.

Ndiyo maana wimbo wa 11 unaniuma. Huo ni moto, wakuu, na nasema bila upendeleo. Unaanza na vyura na maji, dakika nzima, unadhani ni rekodi ya bwawani. Kisha chura mmoja anaanza kulia kwa mpigo. Wa pili anamjibu nusu pigo nyuma. Ukija kushtuka, wale vyura ndio besi, na hukumbuki kiki iliingia lini. Hakuna kilio hata kimoja, hakuna mtu anayesema habari za shetani, na nywele zinasimama. Mkusanyaji mwenye akili angeuweka katikati ya usiku, kabla yake akaweka kitu cha mwendo wa karibu karibu ili ule ukimya wa bwawani uingie vizuri. Wenyewe wameubana kati ya nyimbo mbili za mapigo 195, kisa jina la msanii linaanza na S.

NYONGEZA 1: Anayeniuliza kwa nini sikusikiliza kwanza ndiyo ninunue: waliweka vionjo vya sekunde 90 kwa kila wimbo, vyote vimekatwa katikati ya wimbo. Kwa kionjo hicho hujui wimbo unaanzaje, unaishaje wala unafuatwa na nini. Na kionjo cha mtandaoni kimebanwa kwa kila mtu, huwezi kujua faili kamili likoje.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyesema "euro 12 tu, samehe", hujanielewa. Mtu wa Ulaya anayeletewa CD mkononi anairudisha lebo ikiwa mbovu. Sisi tunaonunua mafaili tukiwa huku, tukilalamika tunaambiwa spika mbovu. Ningekuwa mtu wa Berlin wasingenijibu vile, mnajua na mimi najua.

NYONGEZA 3: Nimemwandikia moja kwa moja msanii wa wimbo wa 11, nikamtumia picha ya Spek. Amejibu ndani ya saa chache, naye kakasirika kuliko mimi. Kanitumia WAV (faili la sauti ambalo halijabanwa) aliyowapa lebo. Nimeifungua: inapanda mpaka juu kabisa, haina mstari wowote pale 16, na mwisho wake una sekunde 40 za vyura ambazo kwenye albamu hazipo. Kwa hiyo walipewa kitu kizima. Kilichochakachuliwa kimechakachuliwa mikononi mwao.

Ninachotaka ni WAV za nyimbo zote sita kama wasanii walivyozikabidhi, au hela yangu. Mwenye nakala ya albamu hii, naomba afungue wimbo wa 11 kwenye Spek aweke picha hapa chini, na aseme alinunua FLAC au WAV. Nataka kujua kama ni mimi tu au wametupiga wote. Jina la albamu njoo PM.