Farasi anashtuka baiskeli barabarani (Uingereza), naombeni ushauri

Shamsa_Hants:
Habari zenu wakuu. Naishi Hampshire, kusini mwa Uingereza. Namtunza na kumpanda farasi jike wa miaka 9, mali ya mama jirani ambaye mgongo haumruhusu tena kupanda. Ni mpole mno. Lori na trekta vinampita hata sikio halichezi. Tatizo ni baiskeli. Kutoka bandani hadi kuifikia njia ya farasi inayoingia msituni, lazima tupite barabara nyembamba yenye ua wa miti kushoto na kulia, na Jumapili waendesha baiskeli wanakuja makundi kwa makundi, kimya, kutoka nyuma. Juzi mmoja alipita karibu kidogo agonge kikuku changu cha kukanyagia mguu. Farasi akaruka hadi katikati ya barabara. Namshukuru Mungu hakukuwa na gari. Kuacha kupanda sitaki, kumuumiza mtu pia sitaki. Nianzie wapi?

Kwato_Nne:
Pole sana dada. Lori analisikia tangu mbali, likifika ameshajiandaa. Baiskeli haina mlio. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, ila nyuma ya mkia wake haoni kitu. Kinachochomoka ghafla kutoka huko, kwake ni mnyama mwindaji.

Anzeni uwanjani. Mtu akokote baiskeli mbele, farasi afuate, maana kitu kinachoondoka hakimtishi. Akizoea, baiskeli ije ubavuni. Kutoka nyuma iwe mwisho kabisa, na mwenye baiskeli awe anaongea muda wote. Wewe tazama masikio. Yakigeuka nyuma na shingo ikakakamaa, rudini hatua moja. Hata ikichukua mwezi, sawa tu.

Pedali_Surrey:
Mimi naendesha baiskeli, na nakuomba radhi kwa niaba ya huyo mwenzetu. Wengi hawajui farasi anavyoona. Mwongozo wa barabara wa huku, Highway Code, uliboreshwa Januari 2022: mwenye gari anatakiwa ampite farasi kwa kasi isiyozidi maili 10 kwa saa (kama kilomita 16), na amwachie nafasi ya mita 2 au zaidi. Sisi nasi tunatakiwa kupunguza mwendo na kujitambulisha kabla ya kupita. Kwenye njia za farasi, sheria ya 1968 iliyoturuhusu kupita humo inatutaka tuwapishe wapanda farasi na waenda kwa miguu.

Kengele inawashtua farasi wengine, bora kuita kwa sauti. Iandikie klabu ya baiskeli ya hapo kwenu, na uwaombe watu wawili waje kukusaidia hilo zoezi la uwanjani.

Mzee_wa_Ngong:
Huku Kenya, Karen na Ngong, tunapanda kando ya barabara na bodaboda, mita 2 hakuna wa kukupa. Sisi tunatoka asubuhi na mapema kabla magari hayajajaa, tena wawili sambamba: farasi mzoefu upande wa magari, mgeni upande wa majani. Mgeni anatulia kwa sababu mwenzake ametulia. Mwanangu, usimtoe peke yake kwa sasa.

Kwato_Nne:
Mzee, shikamoo. Sambamba ni sawa barabara ikiwa pana. Kwenye nyembamba kama hiyo, mwongozo wa huku unataka mstari mmoja. Hapo mzoefu akae nyuma, yeye ndiye azipokee baiskeli kwanza.

Bi_Tumu:
Kwani hapo hakuna njia ya baiskeli ukapita humo?

Kwato_Nne:
Hairuhusiwi kwa farasi, wala njia ya waenda kwa miguu. Kipilefti nacho ukwepe ukiweza. Na dada, tukio kama la juzi liripoti British Horse Society, chama cha wapenda farasi cha huku, wanakusanya taarifa za barabarani.

Shamsa_Hants:
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Jumamosi tunaanza uwanjani, na rafiki yangu mwenye farasi mzee amekubali tutoke pamoja baadaye. Swali moja: kizibao cha kung'aa ninunue njano au pinki?

Kwato_Nne:
Kwa ua wa kijani kama huo, pinki. Njano inapotea kwenye majani. Mfunge na farasi tepe za kung'aa miguuni, kwa sababu dereva huona haraka kitu kinachochezacheza.

Pedali_Surrey:
Nami nathibitisha. Pinki tunaiona mapema zaidi, hasa jua likipenya kwenye miti.